Niliwadumaza Trauti Wangu

Kosa ni langu. Nilimwaga vifaranga wengi mno wa samaki aina ya trauti katika bwawa la nyumbani, huku juu karibu na msitu wa Aberdare, nikawadumaza wote.

Mtaalamu wa kituo cha vifaranga aliniuliza ukubwa wa bwawa, akanitajia idadi. Nikachukua mara nne yake. Nilikuwa nimesoma habari za trauti aliyevuliwa mwaka 2009 katika Ziwa Diefenbaker, Canada, akiwa na uzito wa kilo 21.77, na kwa kuwa ziwa lile nalo ni bwawa, maji ya mto yaliyozuiwa kwa ukuta, nikaamini kinachotakiwa ni maji baridi, vifaranga wa kutosha na subira. Sikujiuliza samaki yule alikula nini. Wala sikutilia maanani kwamba inaaminika alitoroka kwenye vizimba vya wafugaji, akiwa wa aina isiyozaa, ambayo nguvu zake huenda kwenye mwili badala ya mayai.

Tukangoja. Mama akiuliza, namjibu bado ni wachanga.

Siku nilipompasua mmoja wa kitoweo ndipo nilipojua. Alikuwa na urefu wa kiganja, kichwa kikubwa, mgongo umekonda hadi mifupa inapapasika. Ndani mayai ya rangi ya chungwa yalikuwa yamejaa pande zote mbili. Mfuko wa chakula ulikuwa mtupu, isipokuwa mabawa machache ya wadudu. Nilibaki nimesimama pale karoni. Samaki yule hakuwa mtoto. Alikuwa amekomaa, na ukubwa wake ndio ule.

Trauti hakupangiwa kimo. Kule Scotland, trauti wa kahawia, jamii ile ile iliyoletwa Kenya mwaka 1905, anaweza kuzeeka katika kijito akila wadudu na bado akatosha mkononi. Ndugu yake wa Loch Awe, akifikia kiasi cha kumeza samaki wenzake, hunenepa kwa kasi. Mwaka 2002 alivuliwa humo mmoja wa zaidi ya kilo 14. Chakula kina sehemu kubwa katika tofauti hiyo. Mimi chakula cha mmoja niliwagawia wanne.

Hasara ilikuwa bonasi ya majani chai ya mama, ambayo ndiyo iliyonunua vifaranga. Mnunuzi alitaka samaki wa robo kilo kwenda juu. Alitazama ndoo, akaondoka, hakurudi. Kiangazi maji yakapungua na kupata joto, na wengi wakafa. Mama nilimlipa kidogo kidogo.

Nawe unayepanga kufuga, pima bwawa lako, taja ukubwa wake kwa ukweli, na idadi utakayopewa usiiongeze. Kama umeshazidisha, anza kuwavua sasa. Usingoje wakue.