Mama wa sahani na kopo la zawadi

GOMA – Mteja akiingia restora, anamwona anayemletea fufu na sambaza. Aliye nyuma kwenye beseni hamwoni. Katika restora moja ndogo ya Birere, aliye nyuma ni mama mkimbizi kutoka Masisi. Kambi ya Bulengo ilipovunjwa mwezi wa pili 2025, alibaki mjini na watoto watatu, akapata kazi ya kuosha vyombo.

Wakati huo benki za Goma zilikuwa zimefunga milango, wateja wakapungua. Patro alilipa mshahara nusu nusu. Vijana wawili wanaohudumia meza walijisaidia na zawadi za wateja: franga 500 hapa, 1000 pale. Mama wa sahani hakupata kitu.

Siku moja mchana watu walijaa, sahani safi zikaisha. Vijana wakapiga kelele: "Mama, umelala?" Wateja wa meza mbili wakasimama, wakaenda kula kwingine. Mama akajibu kwa sauti ndogo: "Bomba limekauka tangu juzi. Ninabeba maji toka ziwani peke yangu, ndipo nioshe. Niko na mikono miwili tu."

Hakuna aliyekuwa anajua. Walikuwa chini ya bati moja, lakini kila mmoja aliangalia kazi yake.

Jioni mpishi aliwaketisha wote. Wakapatana mambo mawili: bomba likikauka, kila mtu aje asubuhi na bidoni moja ya maji, na zawadi zote ziingie katika kopo moja, zigawanywe sawa kila Jumamosi. Kijana mmoja akakataa: "Mteja ananipa mimi, kwa sababu nimemhudumia vizuri." Mpishi akamuuliza: "Ukimletea chakula katika sahani chafu, atakupa?" Kijana akanyamaza, akatoa franga 1000 mfukoni.

Kopo halikumtajirisha mtu. Jumamosi ya kwanza fungu la mama lilitosha makala ya siku mbili. Kijana yule bado hunung'unika meza yake ikitoa nyingi, lakini anatumbukiza. Na sahani zikikaribia kwisha, anakunja mikono ya shati na kwenda kwenye beseni bila kuitwa.

Kwa wanaofanya kazi hotelini, dukani au saluni, swali la kesho asubuhi ni dogo: mwenzako wa nyuma, maji anayatoa wapi?