Mlio wa Gobore la Mjomba

Leo mniwie radhi, sina habari ya msanii aliyeachana na mpenzi wake wala ya nani kavaa nini kwenye harusi ya nani. Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia video kwenye WhatsApp, nikaiangalia mara tatu, na tangu hapo sijatulia. Nimeona bora niandike.

Kwenye video kuna wazee wa Kizungu wamevaa makoti ya ngozi kama watu wa zamani. Wanashindilia baruti kwenye bunduki ndefu, wanalenga shabaha, moshi mweupe unatanda, watu wanapiga makofi. Chini yake mpwa kaandika, "Anko, hawa si wanapiga gobore?" Nikacheka peke yangu sebuleni. Ni gobore kabisa, lipakwe tu rangi nzuri! Nikafuatilia, nikakuta wana chama chao, National Muzzle Loading Rifle Association, kilianzishwa mwaka 1933, na uwanja wao uko mji mdogo unaitwa Friendship, jimbo la Indiana, Marekani. Watu wazima, bunduki za kisasa wanazo, lakini wanaziacha na kurudi kwenye ile ya kujaza kwa mbele, risasi moja baada ya nyingine. Kwao ni mchezo na ni kumbukumbu.

Sisi kule kusini hatukuwa na chama wala uwanja. Ila mikusanyiko ya magobore tulikuwa nayo, na mimi nilikuwa mle ndani, mtoto wa kubeba baruti.

Kijiji chetu sikitaji. Kiko ukitoka Mtwara mjini kuelekea Ruvuma, upande wa Mahurunga na Kitaya, kule ambako mto unaanza kupanuka kabla haujaingia baharini. Mashamba ya mpunga bondeni, mihogo na mikorosho juu, na ng'ambo ya maji ni Msumbiji. Anayelima kule anajua adui zake kwa majina. Nguruwe pori anafukua mihogo usiku mmoja ukalia mwaka mzima. Nyani wanakuja mchana kweupe, tena wanakuangalia. Kiboko akitoka mtoni akaingia kwenye mpunga, gobore halimuui, ila mlio wake unaweza kumrudisha majini. Kwa hiyo gobore halikuwa la fahari. Lilikuwa kama jembe.

Wazee walisimulia kwamba bunduki hizi ziliingia zamani na biashara ya Mikindani, enzi za pembe za ndovu na watumwa. Mimi nikaja kusoma baadaye kwamba mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels yakakubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, ila zile za kizamani na baruti ya kawaida zikaachiwa mlango. Basi dunia ikaenda mbele na bunduki zake, sisi tukabaki na gobore. Zilipochakaa, mafundi wetu wakazitengeneza upya. Mtutu wa gobore la mjomba haukutoka Ulaya, ulikuwa bomba la usukani wa gari. Kitako kilichongwa kwa mti wa hapo hapo kijijini.

Mjomba alikuwa ndiye mlezi wangu. Kwetu mjomba ni mtu mzito, mnajua wenyewe. Alikuwa fundi wa mambo mawili, gobore na ngoma. Akipiga ngoma hata bibi mwenye magoti mabovu atainuka. Na alikuwa mtu wa swala tano, hagusi tembo la mnazi wala hakai karibu na wanaokunywa. Nguruwe akiuawa, yeye anageuza uso, jirani zetu Wakristo wanakuja na vikapu vyao wakicheka, "Leo umetukumbuka, mzee!" Kila mtu anaenda kwake ameridhika.

Mjomba alisema mikusanyiko yenyewe ilianza baada ya Operesheni Vijiji, miaka ya 1970. Kabla ya hapo kila mwenye gobore aliishi shambani kwake, akipiga anapiga peke yake. Tulipowekwa pamoja ndipo wenye magobore wakajikuta ni majirani. Wakaanza kwenda msako wa nguruwe pamoja, na nyavu na mbwa. Kisha wakaanza kualikana kwenye sherehe. Watoto wakitoka jandoni, magobore yanalia. Mtoto wa kike akitolewa nje, yanalia. Na kabla ya sherehe wenyewe kwa wenyewe wanashindana, kifuu cha nazi kinawekwa juu ya kichuguu, hatua hamsini, anayekipasua anapewa jogoo. Hiyo ndiyo Indiana yetu, jamani.

Kazi yangu ilikuwa kubeba pembe ya ng'ombe yenye baruti, kopo la fataki na mfuko wa makumbi ya nazi. Kipimo cha baruti kilikuwa ganda la risasi ambalo mtu aliliokota ng'ambo wakati wa vita vya Mreno. Ganda moja, basi, usizidishe. Baruti inatangulia, yanafuata makumbi, unashindilia kwa ufito wa chuma ambao mjomba aliuita mdeki. Kama ni nguruwe unaweka goroli. Kama ni sherehe huweki kitu, ni mlio tu. Fataki inavikwa mwisho kabisa, tena mkononi mwa mpigaji mwenyewe.

Na kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, ukishajaza gobore ukaliweka chini, unachomeka jani bichi la mkorosho kwenye mdomo wa mtutu, ili kila anayepita ajue limejaa. Ya pili, kabla hujapiga unatumbukiza mdeki ndani uone unaishia wapi. Mdeki wa mjomba ulikuwa na alama ya kisu. Alama ikilingana na mdomo wa mtutu, umejaza sawa. Ikibaki juu, kuna kitu kimezidi.

Sasa nakuja kwenye lililonikalisha chini kuandika.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 1986, mimi nina miaka kumi na miwili. Watoto wa jando walikuwa wanatoka, mdogo wangu mmoja wao. Kijiji kizima kimejaa, watu wametoka hadi Nanyamba na Madimba. Magobore saba. Hesabu hiyo naikumbuka kwa sababu nilikuwa natamba kwamba la kwetu ndilo linalolia kuliko yote.

Midimu wakaingia uwanjani. Wale wasiojua, midimu ni wacheza ngoma waliovaa vinyago, na mtoto wa umri ule ukisikia njuga zao miguu inakwenda yenyewe. Nikaacha kazi yangu nikakimbilia kutazama. Niliporudi nikakuta gobore limeegemezwa kwenye mkorosho, mjomba yuko pembeni anasalimiana na wageni. Chini, karibu na kitako, kulikuwa na jani bichi la mkorosho.

Nililiona. Hilo nimejiuliza maisha yangu yote na jibu ni lile lile, nililiona. Nikajiambia limeanguka kutoka mtini, si tupo chini ya mkorosho? Nilikuwa na haraka, na niliona haya kumwuliza mjomba, maana angejua nilitoroka. Nikajaza. Ganda moja, makumbi, nikashindilia. Nikachomeka jani langu jipya.

Watoto wakatokea, kanga zinapepea, akina mama vigelegele, magobore yakaanza kulia moja moja. Ikafika zamu yetu. Mjomba akainua lake.

Sauti haikuwa ile niliyoizoea. Moshi ulipopungua nilimwona amepiga magoti ameshika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Mtutu ulikuwa umepasuka ubavuni kama muhogo uliokauka. Vidole viwili havikuwepo, na tangu siku hiyo sikio lake la kushoto halikusikia tena.

Vidole viwili ni vidole, mtu analima. Lakini mpiga ngoma je? Alijaribu, baada ya kupona alijaribu nyuma ya nyumba jioni moja, nikamsikia. Alipiga kidogo, akaacha. Zile ngoma akampa mtoto wa dada yake mwingine.

Na maneno ya watu ndiyo yaliyouma kuliko kidonda. Ikasemwa alikuwa amekunywa. Mtu wa miaka yote ile na gobore, amelipasua vipi kama si tembo? Waliokuwa wakimheshimu msikitini wakaanza kumsalimia kwa mbali. Kwenye sherehe zilizofuata hakuitwa. Alinunua mtutu mwingine kwa fundi, akawa analinda shamba lake usiku, peke yake, kama enzi za kabla ya kijiji.

Mimi nilikaa kimya. Mwanzo ni woga, nilidhani nitapigwa. Baadaye ikawa aibu. Baadaye nikaenda shule, nikapata kazi Dar, nikawa mtu wa kutuma hela kila mwezi. Kila nikituma namba ile nilikuwa najua nalipa nini. Mkewe alikuwa anawaambia watu, "Huyu kijana ana huruma." Jamani!

Miaka ikaenda. Mikusanyiko yenyewe ikafifia. Baruti ikawa taabu, sheria zikakaza, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ikawakuta wazee ambao hawajawahi kushika karatasi ya umiliki. Halafu Oktoba 2020 Kitaya ikavamiwa na watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya mto, watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Baada ya hapo, ukanda ule ukisikia mlio wowote usiku hakuna anayesema ni nguruwe. Mzee mwenye gobore chini ya kitanda akawa mtu wa kutiliwa shaka.

Msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari ulipotangazwa, mjomba alinipigia simu. "Njoo unisindikize," akasema. Nikapanda basi.

Tulitembea kwenda ofisi ya mtendaji, gobore limefungwa kwenye mkeka, mimi nimelibeba begani. Yeye upande wangu wa kushoto, ili sikio lake zima liwe kwangu. Njia ni ya mchanga, mnaijua, hakuna kwenda haraka. Tulipofika kwenye mikorosho ya zamani nikasema, "Mjomba, lile jani siku ile nililiona chini. Nikajaza mara ya pili."

Hakusimama. Alitembea hatua kadhaa, akasema, "Alama ya mdeki ilibaki juu. Vidole vinne."

Sikumwelewa. Akaendelea, "Nilipima. Nikaona kimezidi. Lakini watoto walishatokea, watu wananitazama, wenzangu wameshapiga. Kuchomoa makumbi mbele ya watu wote wale, niliona haya. Nikasema Mungu atasaidia."

"Kwa nini hukusema? Watu walisema ulikunywa."

"Ningesema nini? Kwamba niliona, nikapiga? Hilo si baya kuliko tembo?" Akanyamaza kidogo. "Na nikisema kimezidi, wataniuliza nani alijaza."

Basi. Miaka zaidi ya thelathini, watu wawili nyumba moja, kila mmoja ana nusu yake ya habari. Mimi nilidhani namficha yeye. Kumbe yeye alikuwa ananificha mimi, na kujificha mwenyewe pia, tusidanganyane.

Ofisini waliandika jina, wakaliweka gobore pamoja na mengine yaliyotangulia, wakamshukuru. Mjomba aliuliza kama anaweza kubaki na mdeki. Wakatazamana, wakasema hapana mzee, ni sehemu ya silaha. Akasema sawa.

Amefariki mwaka jana. Kwenye matanga mzee mmoja, mmoja wa wale wa magobore saba, alianza kusimulia siku ile, na akafika pale pa tembo. Nikamkatiza. Nikasema mbele ya watu wote kwamba marehemu hakunywa, mimi ndiye niliyejaza mara mbili. Nusu yake ya mdeki sikuisema. Yule mzee aliniangalia, akasema, "Ungesema mapema, kijana." Sikuwa na la kujibu, na hadi leo sina.

Nilitaka kumjibu mpwa wangu kuhusu ile video. Nimeandika, "Ndiyo, ni gobore. Waulize kama huwa wanaweka jani." Hajanielewa, akanitumia vikatuni vya kucheka.

Wadau wa kusini, wa Newala, Tandahimba, Masasi, mliowahi kubeba pembe ya baruti ya baba au mjomba, kwenu mlikuwa mnaweka alama gani kwamba limejaa? Na kama kuna mtu anasingiziwa kitu mpaka leo na wewe unajua ukweli, usisubiri matanga. Mpigie leo hii, salio la kupiga halifiki hata elfu moja.