Kiingereza changu kilivyomponza mama

Mwenzenu nina C ya Kiingereza. Cheti kipo, kimo ndani ya begi juu ya kabati pale nyumbani Mbagala, na asiyeamini aje akikague. C, yaani mtu aliyepata kati ya alama 45 na 64. Si haba! Mtaani kwetu, katika kundi tuliomaliza kidato cha nne pamoja, wengi walichemsha vibaya sana. Kwa hiyo matokeo yalipotoka mwanzoni mwa 2018, mimi ndiye nilikuwa profesa. Mama alinunua kreti zima la soda. Vijana wa kijiweni wakaanza kuniita Mwingereza, nami nikawa naitika.

Haikupita miezi miwili, Mwingereza huyo huyo akamfukuzisha mama yake kazi.

Ngoja kwanza niwaambie hiyo C niliipata wapi. Niliipata kwenye tuisheni ya zimamoto, ndani ya pagale moja nyuma ya soko, shilingi 500 kila unapoingia, tofali ulilokalia unalirudisha ulipolitoa. Mwalimu wetu tulimpa jina la Nosuna. Kisa? Kila siku alianza na "No sooner". Alituambia Baraza la Mitihani lazima wailete hiyo kitu, wasipoileta yeye anaacha ualimu. Ukiona "as soon as", wewe tupa mbele "No sooner had", katikati pachika "than", umemaliza, chukua alama zako nenda. "Hardly" ndoa yake ni "when". "Too" anakwenda na "to", "so" anakwenda na "that". Maana yake nini? Hakuna aliyeuliza, maana muda wenyewe ulikuwa wa kuhesabu. Kuna mshikaji mmoja alidhani No Sooner ni jina la mtu, kwa sababu kwenye kila sentensi alikuwa ameshafika!

Na barua vilevile. Barua zilikuwa mbili tu duniani, ya kirafiki na ya kiofisi. Ya kirafiki anwani moja, juu kulia. Ya kiofisi anwani mbili, yako kulia, ya unayemwandikia kushoto. Ukianza na "Dear Sir" au "Dear Madam" unamalizia "Yours faithfully", na ole wako usahau. Katikati kulikuwa na mkeka mmoja wa maneno tuliokariri wote, pagale zima, na ndani ya mkeka kulikuwa na tundu moja la kujaza: "The main aim of this letter is to..." Hapo ndipo unapopachika swali linachotaka. Siku ya mtihani nilipachika. Simlaumu Nosuna. Alituahidi alama, akatupa alama.

Na tusidanganyane, tatizo ni kubwa kuliko Nosuna. Shule ya msingi ya serikali mtoto anasoma miaka yote kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo moja katikati ya mengine. Akivuka tu kuingia kidato cha kwanza, karibu kila kitu kinageuka ung'eng'e, baiolojia ung'eng'e, na enzi zetu hata historia ya babu zetu wenyewe ilikuwa ung'eng'e. Tume ya Makweta mwaka 1982 ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili, serikali ikakataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakaona wengi hawawezi kusomea masomo kwa lugha hiyo. Wenye lugha yao hao! Halafu ukaja ule mtihani wa kidato cha nne wa 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000 walikuwa na sifuri, hadi serikali ikayafuta na kuyapanga upya. Kila mtu akawa na mchawi wake, huyu walimu, yule vitabu, huyu lugha. Wenye sera zao wataendelea kubishana. Mimi nina habari ya mama.

Mama alikuwa anafua na kupiga pasi kwa mama mmoja wa kizungu huko Masaki. Kutoka Mbagala ni daladala mbili kwenda, mbili kurudi. Lugha yao ilikuwa ya vidole, "yes", "tomorrow" na Kiswahili cha jambo, na kwa lugha hiyo walielewana miaka minne bila hata sahani kuvunjika. Machi 2018 malaria ikamwangusha mama kitandani. Akaniita.

"Baba, wewe si una cheti? Niandikie barua kwa yule mama. Niombee ruhusa siku chache, nikipona nitarudi. Na umwambie anikopeshe kidogo kwenye mshahara, ninunue dawa."

Jamani, niliinuka nikavaa shati. Ndiyo, shati, kwa ajili ya kuandika barua! Nikachukua kalamu mpya, nikapiga rafu kwanza, kisha nikanakili kwa mwandiko ule wa kulala kidogo. Hii hapa, neno kwa neno, maana ninayo hadi leo:

"Dear Madam, I am very happy to write this letter. How are you? The main aim of this letter is to tell you that my mother is sick. He wants to leave the job because of malaria. I request you to give him his money. He will not come before he has not recovered. Yours faithfully."

Kwa hiyo nilikuwa na furaha sana kuandika kwamba mama yangu anaumwa. Endelea kucheka, mimi nilishacheka nikamaliza.

Barua akapelekewa na jirani yetu aliyekuwa mlinzi nyumba ya pili kutoka pale. Jioni akarudi na bahasha. Ndani, shilingi 150,000! Mshahara wa mama ulikuwa 120,000 kwa mwezi, tena ilikuwa ndiyo kwanza katikati ya mwezi. Na kadi yenye maua. Mama akainuka kitandani na homa yake, machozi yanamtoka, anamwombea yule mzungu maisha marefu. "Wameandika nini, baba?" Nikaisoma kadi. "Thank you for everything. We will miss you." Hapo nikamtafsiria bila hata kupepesa: wanakushukuru kwa kila kitu, na wamekukumbuka.

Si ndivyo tunavyosema wenyewe? Nimekumisi, nimekukumbuka. Sikuona hata kivuli cha hatari.

Siku kumi baadaye, Jumatatu, mama kapona, kajifunga kanga, kaondoka alfajiri. Saa sita mchana akawa amerudi. Alikuta mwanamke mwingine anaanika nguo kwenye kamba yake, na ndoo yake, na vibanio vyake. Yule mama wa kizungu naye alishangaa kumwona, akaenda ndani akaleta barua, mlinzi akawa mkalimani: imeandikwa hapa kwamba umeacha kazi, unataka chako. Alisikitika kwa kweli, mlinzi anasema alishika kichwa. Lakini yule mpya ameshaanza, na huko alikotoka ameaga. Mama akasema hawezi kumtoa mwenzake, na yeye ana watoto. Akaomba barua, akapanda daladala.

Hakugomba. Aliiweka mezani, akakaa. "Hebu nisomee, baba, hapa umeandika nini."

Nikamsomea. Yaani nilimsomea kile kilichokuwa kichwani mwangu: mama anaumwa, anaomba ruhusa kazini kwa sababu ya malaria, tunaomba umpe fedha, hatakuja kabla hajapona.

Mama akafikiri. "Mbona ndivyo nilivyokuambia? Basi yule mama hajui kusoma."

Na hivyo ndivyo alivyowaeleza majirani, mwaka hadi mwaka, mbele yangu: mwanangu ana cheti, aliandika vizuri, mzungu ndiye hakuelewa Kiingereza. Mimi nimeketi pembeni naangalia miguu.

Maana nilikuwa nimeshajua. Nilimpelekea ile barua mzee mmoja mpangaji mwenzetu, mwalimu mstaafu, nikitegemea anicheke yaishe. Hakucheka. Aliigeuza kwa Kiswahili mstari kwa mstari, kisha akasema: "Kijana, hii ni barua nzuri kabisa ya Kiswahili. Umeiandika kwa maneno ya Kiingereza tu."

Usiku ule nilijifunza kuliko pagale zima. Kumbe "he" kwa mama haikuwa ujinga; Kiswahili chetu kina "yeye" mmoja, mume yeye, mke yeye, na usipojiuliza kila mara unamgeuza mzazi wako mwanaume. Nilimgeuza mara tano ndani ya mistari sita. Kumbe "kabla hajapona" kwetu ni sahihi, "kabla" yetu inabeba kile kikanusho, lakini "before" yao haikitaki, inatosha "before she has recovered". Na "leave"? Sisi mtu akiwa likizo tunasema yuko livu, basi mimi nikadhani "to leave the job" ni kwenda livu! Kumbe ni kuacha moja kwa moja. Ningesema "a few days' leave", mama angekuwa Masaki mpaka leo. Na "give him his money" haina kukopa hata chembe, hayo ni maneno ya mtu anayedai chake aondoke.

Akanionyesha na yale ambayo Nosuna alitupa kama jedwali la kukariri. "Am" ikawa "was", "will" ikawa "would", ukiambiwa uripoti maneno ya mtu. Nilikuwa nayakosea nusu kwa nusu na sikujua kwa nini. Sababu ni kwamba sisi tukisema "alisema anaumwa", ule ugonjwa tunauacha ulipo, haurudi nyuma. Wao wanaurudisha: "She said she was sick". Ukishaona tofauti iko wapi, jedwali la nini? Na "na" yetu moja wao wameigawa tatu, "and", "with" na "by". Nilikwenda na kaka, nilipigwa na kaka. Chagua vibaya uone kaka atakavyogeuka.

Mzee yule alikuwa na kitabu kimechakaa, tafsiri ya Nyerere ya Julius Caesar ya Shakespeare. Nyerere aliitoa mwaka 1963, tayari Rais wa nchi! Mzee alisema mtu wa kufanya kazi ile lazima lugha zote mbili ziwe zimekaa mezani, hakuna iliyojificha chini ya nyingine. Yangu ilikuwa imejificha.

Sasa zamu ni ya mdogo wangu wa kike. Yuko kidato cha nne, mtihani Novemba, na juzi nimemkuta na daftari limeandikwa "The main aim of this letter is to..." Moyo ulinipasuka. Nikamwambia kuanzia leo kila jioni barua moja, na iwe ya jambo la kweli: kwa mwenye nyumba kuhusu choo kilichojaa, kwa jirani anayefungulia muziki usiku wa manane. Kwanza aniambie kwa Kiswahili anataka nini, kwa sentensi moja. Kisha aandike sentensi fupi fupi za Kiingereza. Kisha airudishe kwa Kiswahili kama vile anaisoma yule mama wa Masaki, asiyetujua wala kusikia tulichokusudia.

Amenibishia, na ana haki. "Kaka, mtihani hauniulizi habari za choo. Unaniuliza No sooner." Kweli, na siwezi kumdanganya, alama anazihitaji, "No sooner" anaifanya na "than" anaipachika. Ila nimemkataza kuipachika kabla hajaniambia, kwa Kiswahili, ni nani aliyefika na nini kikatokea mara tu. Tunagombana karibu kila siku. Wiki iliyopita barua ya choo ilifika kwa mwenye nyumba kweli, akaja akiwa amenuna, lakini gari la kunyonya nalo likaja.

Juzi usiku nikampa ile barua ya 2018 bila kumwambia ni ya nani. Kalamu nyekundu, asahihishe kama mwalimu. Alipofika "He wants to leave the job" akaanza kucheka, alipofika "before he has not recovered" akaweka kalamu chini. Akanipa sita juu ya ishirini. Kisha akatazama tarehe, akatazama mwandiko, akanyamaza.

Mama alikuwa uani anakoroga unga wa vitumbua vya asubuhi, maana siku hizi anauza vitumbua hapo barazani. "Mnacheka nini humo ndani? Nisomeeni na mimi."

Mdogo wangu akaniangalia. Nikatikisa kichwa kwamba asome. Akasoma kwa Kiswahili, taratibu, kama ilivyoandikwa si kama ilivyokusudiwa. Mama yangu anaumwa. Anataka kuacha kazi. Naomba umpe fedha zake.

Mwiko ukasimama.

"Kumbe yule mama alijua kusoma," mama akasema.

Nikatoka nje nikakaa karibu na ndoo, nikakosa la kusema kwa lugha yoyote. Akaendelea kukoroga. Baada ya muda akanisogezea sukari nimshikie.

"Mwandiko lakini ulikuwa mzuri," akasema.