Sukuma Bado Inapumua

Mbuzi wa Kibera hawana mchungaji wa kuwaita jioni. Wanajua wenyewe ni saa ngapi wauza mboga wa mtaa wa Olympic huanza kufunga, na wanajua kibanda cha nani kina mabaki. Changu walikipenda sana. Nyanya zilizopasuka, majani ya sukuma yaliyogeuka manjano, dhania iliyolegea ikawa ute, vyote nilivimwaga kando ya barabara ya Karanja wakavimaliza kabla ya giza. Kesho yake nilipandisha bei kidogo ili pesa zirudi. Kwa hivyo mteja wangu alilipia nyanya zake na zile za mbuzi bila kujua, na mimi niliona huo ndio uchuuzi. Mama mboga yeyote wa hapa angekuambia vivyo hivyo: mboga huoza, utafanya nini?

Huu ni ushuhuda, ingawa kwa mtaa wetu neno hilo likitajwa watu husubiri kusikia ulivyookoka. Wangu hauna mhubiri. Una kafyu, na una mtoto wa dada yangu aliyekuwa akisomea kilimo.

Kabla ya 2020 niliishi kwa mwendo wa soko la Marikiti. Saa kumi alfajiri niko sokoni, kabla jua halijatoka, kwa tochi ya simu, nimeshapata mbeba mizigo na bei, na asubuhi niko Olympic nikipanga meza. Nilinunua kila siku, kwa hivyo swali la mboga kulala kwangu halikuwa na uzito. Kisha tarehe 27 Machi 2020 kafyu ya korona ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi. Safari ya alfajiri ikafa siku hiyo. Ukifika Marikiti kumekucha, vizuri vimekwisha chukuliwa, na nauli imepanda kwa sababu matatu hairuhusiwi kujaza abiria. Jioni nako kukawa kubaya zaidi. Wateja wangu wakubwa ni watu wanaorudi kwa miguu kutoka kazini Industrial Area na kwa Wahindi, na saa moja kila mtu alitakiwa awe ndani. Nilikuwa nikiuza hadi saa tatu. Sasa saa kumi na mbili unusu nafungasha meza ikiwa nusu.

Nikahamia soko la Kawangware. Ni karibu: bodaboda hadi Dagoretti Corner, unaingia Naivasha Road, umefika. Pikapu za kutoka upande wa Kikuyu na Limuru hushusha pale. Ila sikuwa na pesa za kwenda kila siku, kwa hivyo nikaanza kununua siku moja na kuruka moja. Maana yake, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, mboga ilibidi ilale kwangu na iamke ikiuzika.

Vyuo vilikuwa vimefungwa mwezi huo huo. Mtoto wa dada yangu, aliyekuwa Upper Kabete, kampasi ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, akaja kukaa nami. Nilimchukulia kuwa mdomo mwingine wa kulisha. Siku niliyoshusha gunia la sukuma akalisogelea akaniambia:

"Anti, tia mkono humu."

"Nitie mkono kufanya nini? Ni sukuma."

"Tia hadi kiwiko."

Nikatia. Juu majani yalikuwa na ubaridi wa asubuhi. Katikati kulikuwa na joto, joto la kweli, na majani yalikuwa yameloa jasho. Sijui nilikuwa nimebeba magunia mangapi mgongoni bila kuwahi kujiuliza kwa nini mgongo unapata moto.

"Inapumua," akasema. "Imechumwa lakini haijafa. Inakula sukari yake yenyewe, na ikila inatoa joto. Umeifunga, joto halina pa kutokea, basi inazidi kupumua. Ikizidi kupumua inajimaliza."

Mengine yote niliyobadilisha yalitoka kwenye maneno hayo. Zamani nikishusha gunia nililiacha limefungwa eti mboga isinyauke, nikilifungua kidogo kidogo kadiri ninavyouza. Sasa kitu cha kwanza, hata kabla ya chai, ni kulifungua na kuitandaza sukuma juu ya wavu ulioinuliwa, kivulini, ipoe. Ndipo naipanga. Na sokoni nimeanza kuuliza swali ambalo mwanzoni liliwachekesha wauzaji: hii imechumwa saa ngapi? Sukuma iliyochumwa alfajiri na ile iliyochumwa saa saba mchana zinafanana ukizitazama, lakini ya saa saba imekuja na jua la shambani ndani yake na umri wake umeshaliwa. Dalali anajua jibu. Ukiuliza mara kwa mara, anaacha kukudanganya.

Kibanda nacho kilikuwa na kesi yake. Nilikiezeka kwa turubai jeusi la nailoni, na mbele kinatazama magharibi. Kuanzia saa nane mchana nilikuwa nikipika mboga mbichi mezani. Turubai likatoka. Nikashona magunia meupe ya sukari, nikayaning'iniza mbele kama pazia, na jua likigeuka nayashusha. Gharama yake haikufika bei ya kreti moja ya nyanya. Wateja walilalamika kwamba hawaoni bidhaa, nikawaambia wainame.

Maji ndiyo yaliyonichukua muda, kwa sababu hapo nilikuwa na uhakika wangu. Mteja wa Nairobi hupenda nyanya inayong'aa. Kila asubuhi niliziosha zote kwenye karai moja, na maji yakishachafuka niliendelea nayo, kwani mtungi wa lita ishirini Kibera hununuliwa, na mabomba yakikauka bei yake huruka. Mpwa wangu akanieleza kitu kilichonifanya niangalie karai lile kwa jicho jingine. Nyanya iliyotoka juani ikiwa na moto, ukiitumbukiza kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake husinyaa, na pale penye kikonyo huvuta maji kuingia ndani, pamoja na chochote kilichomo majini. Hutaki kuwaza mabomba yetu yanapita kwenye mitaro gani kabla hayajafika kwenye mtungi. Kipindupindu si hadithi kwetu. Kumbe nilikuwa nikizing'arisha kwa nje na kuzichafua kwa ndani, tena nikiongeza unyevu ambao ukungu unautafuta. Siku hizi nyanya naipangusa kwa kitambaa kikavu na safi. Mteja akitaka kuoshewa mboga yake, naiosha palepale kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini, anaondoka nayo kwenda kupika. Mboga ya kulala hailali mbichi kwa maji.

Sukuma ya kukatakata ilinigombanisha na watu. Jioni mteja amechoka, anataka akatiwe, na kila mama mboga wa hapa ana kisu na mkono mwepesi. Zamani tulikata mapema, tukafunga kwenye karatasi za plastiki, mteja akija anachukua. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017 tukahamia vifungashio vingine, lakini tabia ya kukata mapema ikabaki. Jani lililokatwa ni kidonda wazi: linapumua kwa kasi zaidi, linavuja, na vijidudu vimekaribishwa. Nilipoamua kumkatia mtu akiwa amesimama mbele yangu tu, wengine walihama. Baadhi wamerudi. Sijui kama ni kwa ajili ya usafi au ni kwa sababu foleni yangu sasa ina umbea mzuri.

Kuna jambo moja ambalo kivuli na kitambaa haviwezi kulitibu, nalo ni sukuma iliyolimwa kwa maji ya mto mchafu. Ni nzuri kwa macho kuliko zote: pana, nzito, kijani kibichi. Vijidudu vyake pengine moto wa jikoni utaviua, ila risasi na kadimiamu zilizomo kwenye maji ya viwandani haziondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Hapa ubora na usalama huachana njia. Nimeshamwacha muuzaji aliyekuwa na bei ya kuvutia kwa sababu hakutaka kuniambia shamba liko wapi.

Sasa sanduku la kupozea mboga. Bibi mmoja Mnubi wa Makina, ambaye hununua kwangu kila Ijumaa, ana mtungi wa udongo ambao maji yake ni baridi hata Februari. Mtungi hutoka jasho, maji yakikauka kwa nje yanaondoka na joto, ya ndani yanapoa. Mpwa wangu akasema hilo ndilo alilofanya Mohammed Bah Abba, mwalimu wa kaskazini mwa Nigeria aliyetoka kwa wafinyanzi: alitia chungu ndani ya chungu, katikati mchanga mbichi, juu kitambaa kilicholowa, na mboga ikakaa siku nyingi bila umeme. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Vyungu vikubwa kwetu ni ghali, kwa hivyo tukafanya sanduku la makaa, ambalo wataalamu wa kilimo wamekuwa wakiwafundisha wakulima wa Kenya. Fundi alitengeneza fremu ya mbao kuukuu, kuta za wavu wa kuku zilizo mbilimbili, na katikati ya wavu tukajaza makaa. Si chenga. Chenga hushikana na hewa haipiti. Yatakiwa makaa ya vipande. Juu tuliweka mkebe uliotobolewa, maji yadondoke polepole makaa yasikauke. Ndani huingia sukuma, managu, terere, kunde na hoho.

Nisiwadanganye kwamba ni muujiza. Januari na Februari, hewa ikiwa kavu na upepo upo, sanduku linafanya kazi vizuri mno, managu yanaamka yamesimama. Mvua ndefu zikianza hewa yenyewe imejaa maji, hakuna kinachokauka, na sanduku linakuwa kabati tu. Julai silihitaji. Julai Nairobi yenyewe ni friji.

Na friji ya kweli nayo si jibu la kila kitu. Jirani yangu wa duka la soda alinionea huruma akaniruhusu nilaze ndizi na nyanya kwenye friji yake. Ndizi ziliamka nyeusi maganda yote. Ndizi ikishuka chini ya nyuzi 13 hivi hudhurika, na nyanya ambayo haijaiva hupoteza uwezo wa kuiva vizuri ikikaa kwenye baridi kali. Nyanya, ndizi, parachichi na maembe zinakaa nje kwenye hewa, mbali na majani, maana zikiiva hutoa hewa ya ethilini, ambayo haionekani lakini hugeuza sukuma na dhania kuwa za manjano na kufanya karoti iwe chungu. Miaka yote dhania yangu ilikaa kati ya ndizi na parachichi kwa sababu rangi zilipendeza. Hewa hiyohiyo ndiyo ninayotumia msimu wa maembe ya Makueni: embe lililokomaa naliweka kwenye katoni pamoja na ndizi mbivu, linaiva lenyewe. Wapo wanaotumia kabaidi, ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Inaivisha ganda, inaacha moyo mgumu, na huwa na mabaki ya aseniki. Viazi, kwa ufupi: gizani. Vikiota ukijani, usimuuzie mtu.

Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisema mwaka 2011 kwamba karibu theluthi moja ya chakula kinachozalishwa kwa ajili ya watu duniani hupotea au hutupwa. Machi 2017 wataalamu wa bara zima walikutana hapa Nairobi kwa kongamano la kwanza la Afrika kuhusu upotevu baada ya mavuno. Shirika la mazingira la UNEP, ambalo hutoa ripoti za chakula kinachotupwa, liko Gigiri. Sina ugomvi nao. Mpwa wangu amesoma kwa vitabu vyao. Lakini nikisikia watu wakizungumzia vyumba vya baridi na malori ya baridi, huona wanaruka hatua ambayo haina bei: saa ya kuchuma, kivuli, gunia kufunguliwa. Baridi huihifadhi mboga nzuri ikabaki nzuri. Iliyofika imechoka haiwezi kuifufua.

Mbuzi siku hizi hupita kwangu haraka. Hasara haijaisha, ila kwa majani imekuwa ndogo. Iliyobaki ni ya nyanya, na hiyo inatokea mbali na kibanda changu. Za Kimana, upande wa Loitokitok, huja kwenye kreti za mbao zilizojazwa hadi kupita mdomo, kisha mbao za juu zikagongelewa kwa nguvu. Za chini hufika zimebonyea, na misumari imetoboa zile za pembeni. Ukungu huanzia kwenye tundu hilo. Wauza mboga kadhaa wa Olympic tumechanga tukanunua kreti za plastiki, laini ndani, zinazopandana bila kukandamiza nyanya, na tunataka dalali azipeleke tupu na kuzirudisha zimejaa. Anasema bei ya soko ni ya kreti ya mbao, yetu ni ndogo, lakini tulipe sawa. Sisi tunasema tupime kwa kilo. Mizani tumeazima kwa muuza nyama, na Jumatano lori likifika Kawangware tutakuwa pale nayo.