Ufunguo na Idhini

Kwa miaka miwili, muuguzi mmoja wa Mombasa anayefanya kazi Jeddah alimwachia mdogo wake neno la siri la akaunti yake ya benki. Mdogo wake, dereva huko Riyadh, takriban kilomita 950 kutoka kwake, ndiye aliyeweka hesabu za nyumba waliyokuwa wakiijenga Kisauni. Siku moja riyali elfu tatu hazikuonekana. "Sikuiba, dada," alisema, "niliazima." Huenda alisema kweli. Lakini neno la siri halijui kubagua: aliyepewa ili atazame, amepewa pia achukue.

Waswahili walirithi kutoka Kiarabu maneno mawili yanayoutenzua utata huu: wakala na idhini. Wakala hutenda kwa niaba ya mwenye mali, ndani ya mipaka aliyowekewa, wala hageuki kuwa mwenye mali. Wahandisi wa intaneti waliiandika kanuni ya namna hiyo katika OAuth 2.0, iliyochapishwa Oktoba 2012. Programu inayotaka taarifa za mtu humpeleka kwenye ukurasa wa benki yake mwenyewe; huko ndiko anakoandika neno la siri, na huko ndiko anakoulizwa kama anaridhia. Akiridhia, programu hukabidhiwa tokeni, mfano wa hati ya ruhusa, yenye mipaka na muda wake. Neno la siri haliioni kamwe.

Mwaka 2022 Benki Kuu ya Saudia, yenye makao Riyadh, ilitoa mwongozo wa benki huria uliofungua njia hiyo kwa wateja wa kawaida. Muuguzi alibadili neno la siri, kisha akaruhusu programu moja ya hesabu isome salio na miamala yake, isihamishe hata riyali moja. Kabla ya kubonyeza alisoma kila mstari, kwa maana idhini isiyosomwa haina tofauti kubwa na ufunguo ulioachwa mlangoni. Alitafuta hasa mahali pa kuiondoa, akapaona.

"Kwa hiyo huniamini tena?" aliuliza mdogo wake.

"Nakuamini. Ndiyo maana sitaki tena kukutia majaribuni."

Alinyamaza siku tatu. Muhtasari wa kwanza wa mwezi ulipomfikia Riyadh, alijibu kwa swali moja tu: mbona saruji imepanda bei?