Barua kwa Zuhura

Mpwa wangu Zuhura,

Huku Tanga sote wazima. Goti la bibi yako limepata nafuu, na jana katoka mwenyewe hadi barazani. Kakuulizia.

Ule msimbo ulionitumia, wa ukurasa wa kutafuta wagonjwa, nimeusoma mara mbili. Mtumiaji akijaza jina, unalibandika lilivyo ndani ya kweri. Hapo, mwanangu, sikubaliani nawe hata kidogo. Mtu akiandika alama ya nukuu, kisha amri yake, hifadhidata itamtii yeye. Thamani zote zipitishe kama vigezo vya sp_executesql. Jina la safu ya kupangia matokeo haliwezi kuwa kigezo, kwa hiyo lilinganishe na orodha uliyoiandika mwenyewe.

Lakini usikimbilie nilikokimbilia mimi. Nilipokuwa na umri wako niliogopa kuunga maandishi, nikatunga kweri moja ndefu ya kutosha kila hali: jina likiwa tupu lipite, wilaya ikiwa tupu ipite. Kwenye mashine yangu, yenye mistari 500, ilijibu papo hapo. Kwenye duka la dawa, penye mistari milioni 2, wauzaji walibaki wameduwaa mbele ya skrini, na dirishani wamejaa akina mama wenye watoto wa homa. Siku ile sijaisahau. SQL Server ilikuwa imehifadhi mpango mmoja wa kweri ile, na mpango huo ulilazimika kufaa hata pale jina linapokosekana. Jedwali likapekuliwa lote, na faharasa ya jina ipo.

Basi unga, ila unga masharti yaliyojazwa tu. Kila umbo la kweri litapata mpango wake. Kuna RECOMPILE, inayotunga mpango upya kila mara. Iache kwa ripoti za mwisho wa mwezi, maana inakula prosesa, na ukurasa wako utatumika mchana kutwa. Angalia pia kwamba mpango hutungwa kwa thamani zilizofika kwanza: uliotungwa kwa wagonjwa wachache wa wilaya ya Pangani unaweza kuelemewa na wengi wa Ilala.

Usipime kwa saa peke yake. Washa SET STATISTICS IO uhesabu kurasa zilizosomwa, kila moja kilobaiti 8. Omba nakala ya data yenye wingi wa kweli, majina ya wagonjwa yakiwa yamefichwa, upimie humo.

Usikabidhi kazi kabla sijaziona hesabu hizo. Nazisubiri.

Mjomba wako