Folda isiyosahau

Wadau, kimya cha wiki mbili kina sababu: usiku nilikuwa naunda mfumo wa mafaili. Ndiyo, mimi mwandishi wa habari, si fundi wa kompyuta.

Kwenye gazeti moja nililopitia, stori zote zilikaa kwenye folda ya pamoja. Unaandika, mhariri anafungua, anabadilisha, anahifadhi, na ya kwako haipo tena. Siku moja mtu niliyemhoji akanipigia: "Mdogo wangu, maneno haya niliyasema lini?" Sikuwa na cha kumwonyesha.

Kwa kawaida mfumo wa mafaili hukaa ndani ya keneli, yaani moyo wa mfumo endeshi. Huko mstari mmoja mbovu unaweza kugandisha mashine nzima. FUSE ya Miklos Szeredi, iliyoingizwa kwenye Linux 2.6.14 mwaka 2005, ilifungua njia nyingine. Keneli inakuwa tarishi tu: inapeleka maombi ya kusoma na kuandika kwa programu ya kawaida, nayo inajibu. SSHFS na NTFS-3G zimejengwa hivyo hivyo.

Yangu ni ya Python. Karibu kila ombi inalipitisha lilivyo hadi kwenye folda halisi. Ila kabla faili halijaandikwa upya, nakala ya zamani inawekwa pembeni pamoja na saa yake.

Basi nikaijaribu. Kumbe programu nyingi za kuandikia hazigusi faili la zamani: zinaandika jipya kwa jina la muda, kisha zinalibadilisha jina lichukue nafasi ya lile. Kwa hiyo mlinzi lazima asimame na kwenye mlango huo. Halafu nikaiua programu makusudi katikati ya kazi. Folda ikagoma kufunguka, lakini muziki ukaendelea kupiga. Nikaichomoa kwa fusermount -u, nikaipachika upya, maisha yakaendelea. Kasi inapungua, maana kila ombi lina safari ya kwenda na kurudi, ila kwa stori ya maneno mia nne huoni tofauti.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Mtu ananipa habari kwa sharti nisimtaje. Nafuta jina lake kwenye rasimu, lakini folda isiyosahau inalitunza, tena na saa ya mazungumzo yetu! Kumbukumbu inayonitetea mbele ya mhariri inaweza kumponza mwenzangu siku laptop ikianguka mikononi mwa watu wengine.

Nimeongeza sheria mbili. Nakala zote zinakaa kwenye diski iliyofungwa kwa usimbaji, na ndani kuna folda ndogo iitwayo "siri", ambayo programu haihifadhi nakala yake hata moja. Majina ya watu yanaanzia humo. Stori ndiyo ikumbukwe. Aliyenipa ana haki ya kusahaulika.